Mwanangu wa kiume anasuka ukili na bibi yake, baba yake hataki

SWALI

Shikamoo Shangazi.

Naishi Nyegezi, hapa hapa Mwanza, na nina watoto wanne. Mkubwa ni wa kiume, ana miaka 10, amemaliza Upimaji wa darasa la nne mwaka huu. Wanaomfuata ni mapacha wa miaka 6, Kulwa wa kiume na Doto wa kike, halafu Shija mwenye miaka 3. Baba yao yuko Geita mgodini, anakuja zamu zikimruhusu, mara nyingi mwisho wa mwezi. Mimi nina genge mbele ya nyumba tuliyopanga, nauza nyanya, vitunguu, dagaa na mkaa wa kupima. Dada wa kazi sina.

Tangu shule zifungwe nachoka kuliko zilivyokuwa wazi. Mvua inanyesha karibu kila siku, uani ni matope, na watoto wakikaa ndani wanagombania simu yangu. Nikiwapa, kimya mpaka chaji inaisha. Nikiwanyima, Kulwa na Doto wanapigana, Shija analia, na wateja wamesimama gengeni wanasikia kila kitu.

Nikaona kwenye simu hiyo hiyo akina mama wakifanya kazi za mikono na watoto wao kwa ajili ya Krismasi: nyota za karatasi, watu wa theluji, kadi za kumetameta. Watoto wametulia, meza safi. Nikaenda Makoroboi nikanunua karatasi za rangi, gundi, unga wa kumetameta na mikasi. Hela yenyewe ilikuwa ya kuongezea mtaji wa dagaa. Tulikaa asubuhi moja. Kabla ya saa sita karatasi zimeisha, ule unga uko kwenye godoro, Shija kajikata nywele za mbele, na wenzake wameshaniuliza simu iko wapi.

Halafu mama mkwe akaja kutoka Magu kutibiwa macho. Alikuja na furushi la ukindu. Haoni vizuri lakini vidole vyake vinajua, anakaa barazani anasuka. Mkubwa wangu akaanza kumkalia karibu, na haikupita muda akawa anasuka ukili mwenyewe, ule utepe wa kushonea mkeka, tena umenyooka. Simu haulizi tena. Nilifurahi, nikampiga picha nikamtumia baba yake.

Shangazi, alinipigia kwa hasira. Akasema namgeuza mwanawe kuwa msichana, kusuka ni kazi ya wanawake, na kuanzia Jumatatu mtoto aende twisheni kutwa nzima mpaka shule zifunguliwe. Simu ilikuwa kwenye spika, mama mkwe akasikia yote. Hakusema neno. Alikunja ukindu wake akausukuma uvunguni mwa kitanda.

Juzi tena Doto alitoweka na watoto wa jirani. Walirudi jioni, miguu imelowa mpaka magotini, amebeba udongo kwenye sketi. Walishuka ziwani kuchimba udongo wa kufinyanga ng'ombe, maana bibi amewahadithia kuwa utotoni mwake walikuwa wanafinyanga. Nilimkaripia, udongo nikautupa. Sasa bibi anajiona kama ndiye niliyemkaripia. Na mwenye nyumba naye anasema uchafu wa watoto wangu umezidi.

Nimwache mkubwa asuke au nimtii baba yake? Na hawa wadogo niwafanyie nini likizo nzima bila hela? Naona wenzangu wanavyoweza, mimi najiona mama mvivu.

Mama Mapacha, Nyegezi

JIBU

Marahaba mwanangu. Pole na mvua, na hongera kwa kulea wanne na genge juu.

Naanza na Doto, maana mengine yote yanaweza kusubiri baba yao arudi, hili haliwezi. Umefanya vema kumzuia ziwani. Kule kwenye maji ya kina kifupi, penye matete na magugu, ndiko wanakokaa konokono wa kichocho. Mtu mwenye ugonjwa akijisaidia majini au pembezoni, mayai yanaingia ziwani na kuanguliwa, vijidudu vinaingia ndani ya konokono na kukua humo, kisha vinatoka vikiwa vidogo hata jicho halivioni, na kupenya ngozi ya yeyote aliyesimama ndani ya maji. Mtoto hahitaji kuyanywa maji hayo wala kuwa na kidonda. Kuchimba udongo huku miguu imezama magotini kunatosha. Na sijataja mamba, wala kuzama, ambako hutokea watoto wenzake wakiwa hatua chache tu kutoka pale.

Ukimkimbiza zahanati kesho, kipimo kinaweza kusema hana kitu na kumbe anacho, kwa sababu mayai huchukua wiki kadhaa kuanza kuonekana kwenye choo. Andika tarehe aliyoingia majini nyuma ya daftari la madeni ya genge. Zikitimia wiki nane mpeleke apimwe choo na mkojo, na umweleze mhudumu kwamba aliingia ziwani. Akianza mapema kulalamika tumbo, kupata homa au kutoa damu chooni, usingoje wiki hizo zitimie. Dawa ipo, inaitwa praziquantel, ila kipimo chake hutegemea uzito au urefu wa mtoto, kwa hiyo usiende kuinunua dukani kwa kukisia.

Ila udongo wenyewe haukuwa na kosa. Mtoto wa miaka 6 aliyesikia hadithi ya bibi yake, akaenda kutafuta udongo na kuubeba kwenye sketi mpaka nyumbani, huyo hana uvivu wala utundu wa kukutia hofu. Alikosea njia tu. Mpe udongo wa mahali salama. Udongo wa kichuguu unafaa sana, na miinuko ya Nyegezi haikosi vichuguu. Hakikisheni tu kimehamwa, pigeni kwa fimbo kwanza na mtazame, maana vingine vina nyoka. Mkubwa achimbe ndoo moja, wadogo watoe mawe na mizizi, wautwange, wauchekeche kwa chekeche chakavu. Maji yatiwe kidogo kidogo huku unakandwa, kisha ufungwe kwenye kipande cha gunia bichi ulale humo usiku mzima. Asubuhi hautashika vidoleni kama jana.

Hapo mwite bibi. Umuombe mbele ya watoto, kwa heshima zote: "Mama, hawa hawajui ng'ombe anaanzia wapi, tusaidie." Atawaambia miguu iwe minene, nundu ipandishwe wakati udongo bado mbichi, na pembe zitengenezwe kwa miiba, kwa sababu pembe za udongo hukatika kabla hazijakauka. Wakaushe kivulini, hata uvunguni mwa kitanda panafaa siku za mvua. Jua kali linapasua. Kisha awatajie rangi za ng'ombe kwa Kisukuma, jinsi walivyokuwa wanaitwa zizini kwao. Wanao wanaoishi mjini wanaweza kukua wasiyasikie majina hayo mahali pengine popote, na anayeyajua amekaa kwenye baraza lako akidhani amekukosea.

Sasa mkubwa.

Mwache asuke. Nasema hivi bila kuzunguka, na ningelisema mbele ya baba yake kwa sauti ile ile. Shuka siku moja Igombe au Kayenze, boti zikiwa zimerudi, umtazame mwanamume anayeziba nyavu. Anakaa chini, miguu ameinyoosha, wavu ameunasa kwenye kidole gumba cha mguu ili ukazike, na mkononi ana sindano iliyozungushiwa uzi. Anakagua tundu kwa tundu. Panapochanika anakata nyuzi mbovu, anapitisha sindano, anafunga fundo, anapima ukubwa wa tundu kwa vidole, anaendelea. Ni kazi ya masaa na ya uvumilivu, na tundu moja likiachwa samaki wanatoka. Wavuvi wa ziwa hili wameishi kwa kazi hiyo, na hakuna anayewaita wanawake. Mafundi cherehani walioshona sare za wanao, wangapi kati yao ni wanaume? Vidole vinavyojua kusuka ukili ni vidole hivyo hivyo.

Na kuna hesabu humo ambayo twisheni haitampa. Anayesuka ukili anashika miaa mingi ya ukindu kwa wakati mmoja, anahesabu upi unapita juu na upi unapita chini, akikosea mmoja mchoro unapotoka na analazimika kufumua mpaka pale alipokosea. Mtoto aliyekubali kufumua kazi yake na kuanza tena bila kulia, mimi ningemwamini na mengi.

Kuhusu mume wako, nina mambo mawili, na la pili ndilo kubwa.

La kwanza ni twisheni. Usigombane naye, maana hoja yake haijakosa ukweli: likizo ni ndefu na mtoto anaweza kusahau. Lakini kutwa nzima, mpaka Januari, kwa mtoto aliyetoka tu kwenye Upimaji, ni kumchosha kabla darasa la tano halijaanza. Mwombe iwe masaa machache ya asubuhi, siku chache kwa wiki, kama hela ipo. Na kama haipo, mpe mtoto kazi ya kumsomea bibi yake gazeti kwa sauti kila siku. Macho ya bibi hayaoni herufi, ya mjukuu yanaona. Atasoma vizuri kwa sababu kuna mtu anayengoja kujua habari inaishaje, na bibi hatamwacha aruke mstari.

La pili. Mwanangu, mume wako yuko mbali. Anaona picha moja kwa mwezi ya mwanawe, na katika picha hiyo mtoto amekaa na bibi na mama, anafanya jambo ambalo yeye baba hakumfundisha. Naamini hasira yake imeanzia hapo kuliko kwenye ukindu. Mtu wa hivi ukimshinda kwa hoja utabaki na ushindi wako na simu iliyokatwa. Mpe nafasi. Akipiga tena, muulize: "Baba Kulwa, ulipokuwa mdogo Magu mlikuwa mnatengeneza nini?" Kisha nyamaza usikilize. Mtu aliyekulia kijijini Usukuma ana kitu cha kusimulia: gari la mabua, gari la waya lenye usukani mrefu wa kusukumia, matairi yaliyokatwa kwenye ndala zilizochakaa, mpira wa matambara uliofungwa kwa kamba. Mwambie wanao hawajui kutengeneza gari la waya na wewe huwezi kuwafundisha. Hiyo ni kweli, huongopi. Mwombe akija mwisho wa mwezi anunue waya kwa fundi umeme, mita chache tu, akae nao barazani alasiri moja.

Akishakuwa na kazi yake na wanawe, ya bibi haitamtisha. Na akiwa amekaa hapo na koleo mkononi, mama yake pembeni anasuka, atakumbuka mwenyewe ni mikeka ya nani aliyolalia utotoni. Hilo usimwambie wewe.

Unachopaswa kumwambia ni kwamba mama alisikia yale maneno. Lakini mwambie uso kwa uso atakapofika, mkiwa wawili, usimtumie kwa ujumbe. Ni mama yake. Akijua, atajua namna ya kumwendea. Wala usimfundishe mtoto kuficha mkeka baba akija. Mtoto akianza kuficha kazi nzuri ya mikono yake, atajifunza kwamba ni ya aibu, na hapo hata mkimruhusu baadaye hataishika tena. Leo hii vuta furushi kutoka uvunguni, mrudishie bibi mkononi, umwambie: "Mama, mkeka huu tunauhitaji." Kisha mkae mpaka aanze.

Nije kwa wadogo na hela.

Zile video ulizoziona ni za watu wenye msimu mwingine. Desemba yao ni baridi na theluji, mambo yao ya mikono yanatoka humo, na karatasi wananunua kwa sababu nje hakuna cha kuokota. Huku Desemba ni mvua, maembe na mashamba yanayopandwa. Ndiyo maana ulilazimika kwenda Makoroboi kununua msimu ambao haukufika kwako, na ndiyo maana uliisha kabla ya saa sita. Watoto hawakukuangusha. Walimaliza karatasi zilizokuwepo, wakawa hawana sababu ya kuendelea, kwa kuwa hakuna mtu nyumbani aliyekuwa anazihitaji nyota zile.

Tazama maembe. Yale ya kienyeji yenye nyuzi nyingi, ambayo wakubwa wanayalalamikia meno yakijaa, ndiyo mazuri kuliko yote kwa kazi hii. Watoto wakishakula, kokwa zisitupwe. Shija apewe beseni lenye maji kidogo na mchanga, asugue kokwa mpaka ute uishe. Wewe uwe unamwona muda wote, maana hata maji ya beseni si ya kumwachia mtoto wa miaka 3. Zikaushwe juu ya jiwe siku jua likitoka, na Mwanza haikuwahi kukosa jiwe. Zikikauka, zile nyuzi zinasimama kama nywele. Doto azichane kwa chanuo chakavu, azisuke au azinyoe, achore macho na mdomo kwa mkaa wa gengeni kwako. Kulwa naye atataka wa kwake awe na ndevu. Mabaki ya kitenge kutoka kwa fundi jirani yanakuwa nguo. Ukimwomba fundi vizuri atakujazia rambo, samahani, mfuko, maana rambo zilipigwa marufuku tangu Juni 2019. Wakimaliza watakuwa na familia nzima ya watu wa kokwa, na kesho yake wataifanyia harusi au msiba bila wewe kuambiwa.

Halafu gundi. Umenunua chupa ya gundi wakati una unga wa muhogo ndani. Koroga kijiko cha unga kwenye maji baridi mpaka mabonge yaishe, mimina kwenye sufuria ndogo yenye maji yanayochemka, koroga bila kuacha. Unaanza mweupe kama maziwa, mara unabadilika, unakuwa kama kioo, mwiko unakuwa mzito. Epua hapo hapo. Mapacha wasimame mbali na jiko lakini waone mabadiliko hayo kwa macho yao. Mtoto aliyeona unga unageuka gundi ataulizia siku nzima. Ukipoa ndio wenu, unashika karatasi barabara. Pika kidogo kidogo kwa sababu haukai siku nyingi.

Na gundi hiyo ina kazi ya kweli hapo kwako. Unafungashia nini wateja wako? Kata magazeti ambayo bibi amekwisha kusomewa, waonyeshe mapacha kukunja bahasha: karatasi inakunjwa katikati, ukingo unapakwa gundi, kitako kinageuzwa na kubandikwa, bahasha zinapangwa chini ya jiwe mpaka asubuhi. Ziwe za vitunguu na nyanya, vitu vya kumenywa au kuoshwa, kwa sababu wino wa gazeti si wa kugusana na chakula kinacholiwa hivyo hivyo. Dagaa wawekee karatasi za kaki. Mteja anaponunua, umwambie kwa sauti ya kusikika: "Bahasha hii kakunja Kulwa." Nenda ukaone jinsi watakavyokunja kesho. Mtoto wa umri huu hatamani sana kuburudishwa, anatamani kuhitajika, na wewe una genge ambalo linahitaji watu kutoka asubuhi mpaka jioni.

Nataka uniamini katika hili, maana ndilo linalokutesa. Hujazaliwa uwe mchekeshaji wa watoto wako. Unapochambua dagaa, unapopanga nyanya mafungu, unapofua, hapo ndipo mahali pao. Shija anaweza kutenga nyanya mbivu na zile zenye ubichi. Atakosea, utazipanga upya akilala. Kulwa apewe kazi ya kupima mkaa kwa kopo na kuhesabu makopo. Doto, kwa vidole vile, mpe kufunga mafungu ya mchicha kwa kamba. Masaa yote hayatakuwa matulivu, watagombana bado, ni watoto wanne kwenye nyumba ya kupanga. Lakini utakuwa unafanya kazi yako huku wako na wewe, badala ya kuiacha ili uwatumbuize, kisha uifanye usiku.

Mkasi, ubaki mmoja tu, na ukae kwako. Kungoja zamu hakujamwumiza mtoto. Vitu vidogo vya kumezeka na vipande vya waya Shija asivifikie.

Simu usiipige marufuku kabisa, utapigana vita usivyoviweza siku ya mvua ya kutwa. Iwe ya mama mchana, kwa ajili ya biashara. Jioni mkishakula, mpigieni baba kwa video, kila mtoto amwonyeshe alichofanya siku hiyo: ng'ombe, mtu wa kokwa, bahasha. Na mkubwa aonyeshe mkeka ulipofikia, bila kutangulia kuomba radhi. Baba akiuona kila jioni ukikua, akisikia na kicheko cha mama yake nyuma, ni tofauti na kuupata kwa picha moja ya ghafla. Baada ya hapo waangalie katuni yao kidogo, mkalale.

Krismasi yenyewe ikikaribia, watengeneze zawadi moja moja za kupeleka kwa majirani, na kama mna jirani Mwislamu watoto wake wakija wakae nao kwenye gunia hilo hilo wafinyange. Idd ikifika zamu itageuka. Pamba ambayo watu huibandika kwenye mti wa Krismasi iwe theluji, huku kwetu inalimwa. Mwombe bibi awasimulie inavyopandwa wakati huu wa mvua na kuvunwa kuanzia Mei au Juni, na awaonyeshe kuisokota kwa vidole kuwa utambi. Taa ya mafuta yenye utambi waliousokota wao, iliyoshikwa na mtu mzima, itawakalia kichwani kuliko unga wa kumetameta.

Na usifikiri lazima uyafanye yote mwezi huu. Likizo ya Juni itakuja na vitu vyake: kiangazi, upepo wa ziwa wa kurushia tiara ya gazeti, mabua makavu mashambani, viazi vitamu. Ukiweza, wakati huo wapeleke Magu kwa bibi washiriki kukata michembe, yaani viazi vibichi vya kuanika, na matobolwa, ambayo viazi vyake huchemshwa ndipo vikakatwa na kuanikwa. Kuna pia Bujora, makumbusho ya Wasukuma pale Kisesa, kwenye barabara ya Musoma, aliyoyaanzisha Padri David Clement. Zile ngoma kubwa na vyombo vya kale, mkubwa wako atavitazama kwa jicho la fundi sasa. Mwezi wa Juni kuna Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, Wagalu na Wagika, makundi mawili ya wachezaji, wanashindana kucheza, na humo atawaona wanaume waliojipamba kwa shanga na manyoya ya kazi nzuri ya mikono. Baba yao akipata likizo siku hizo, awepo.

Limebaki la mwenye nyumba, na yeye ana haki yake. Chagua kona moja ya baraza, tandika gunia, na kila kazi ya udongo, gundi na ukindu ifanyike juu ya gunia hilo. Kabla ya chakula cha mchana gunia linakung'utwa na watoto wenyewe, mkubwa anafagia, Kulwa anabeba taka. Ndoo ya kunawia udongo ikae hapo hapo, maji yake machafu yamwagwe kwenye shimo, yasiende kwenye mtaro wa uani ukazibe. Nenda umweleze hivyo kabla hajaja tena kulalamika, na umchukulie bahasha chache za vitunguu. Ukindu ukipungua kabla mkeka haujafika urefu wa kulalia, agiza Magu mapema, basi za asubuhi zinaleta mizigo mpaka stendi.